Svalbard: Visiwa vya barafu ambako sheria humtangulia msafiri

MSAFIRI anayeondoka mji wa Longyearbyen kwa miguu hakutani na ukuta wala lango. Mahali ambapo barabara inakoma na bonde tupu kuanza, hukuta kibao cha pembe tatu chenye mchoro wa dubu mweupe. Chini yake pana maneno machache ya Kinorwe yanayoeleza kwamba onyo hilo linahusu Svalbard nzima.

Kibao hicho si pambo la kuwafurahisha watalii, ingawa wengi hupiga picha kando yake. Sheria humtaka kila anayetoka nje ya makazi ya watu awe na vifaa vinavyofaa vya kumtisha na kumfukuza dubu, nayo ofisi ya gavana hushauri kwamba bunduki iwe miongoni mwavyo. Mjini kwenyewe bunduki haziruhusiwi kuwa na risasi, na milangoni mwa maduka kuna vibao vinavyowakataza wateja kuingia nazo.

Watu kutoka pembe zote za dunia hufunga safari kila mwaka kwenda kwenye visiwa hivyo vya Norwe ili waonje maisha ya Aktiki: kuvutwa na mbwa juu ya theluji, kupanda milima ya barafu, kulala hemani wakati jua halitui. Wengi wao hushangaa wanapogundua kwamba kabla ya kuuonja ujasiri huo ni lazima kwanza wajaze fomu, wakate bima na waeleze ni nani atakayewatafuta wasiporejea.

Svalbard iko katikati ya Norwe bara na Ncha ya Kaskazini. Kutoka Longyearbyen hadi kwenye ncha hiyo ni takriban kilomita 1,300. Eneo lote la visiwa hivyo ni kama kilomita 61,000 za mraba, na karibu asilimia 60 ya ardhi hiyo imefunikwa na barafu ya kudumu. Wakazi wake ni takriban 3,000 pekee, na wengi wao, karibu 2,500, huishi Longyearbyen. Waliosalia wamo hasa katika Barentsburg, makazi ya wachimbaji makaa ya mawe ya Warusi, na Ny-Ålesund, kituo cha watafiti.

Hakuna barabara inayounganisha makazi hayo. Barabara zote za Longyearbyen zikiunganishwa hazifiki kilomita 50, na zote huishia nyikani. Anayetaka kwenda mbali zaidi hana budi kutumia pikipiki ya theluji, mbwa, mashua, helikopta au miguu yake mwenyewe.

Visiwa hivyo vina hadhi ya kipekee katika sheria za kimataifa. Mkataba uliotiwa saini jijini Paris mnamo Februari 9, 1920, na ambao ulianza kutekelezwa mwaka wa 1925, uliipa Norwe mamlaka juu ya Svalbard. Kwa upande mwingine, uliwapa raia wa mataifa yote yaliyoutia saini haki sawa ya kufanya biashara, kuvua na kuchimba madini huko. Hadi leo mgeni hahitaji viza wala kibali cha ukaaji ili kuishi Svalbard, mradi aweze kujikimu.

Uhuru huo, hata hivyo, una mtego unaowanasa wengi. Svalbard haimo katika eneo la Schengen, ilhali ndege za abiria zinazokwenda huko hupitia Norwe bara, ambayo imo. Kwa hivyo Mkenya, sawa na yeyote mwingine anayehitaji viza ya Schengen, sharti awe na viza inayomruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Mwenye viza ya kuingia mara moja atafika salama kwenye barafu, kisha atatizika wakati wa kurudi.

Ukali wa kanuni za Svalbard unaeleweka vyema zaidi mtu akiijua historia yake, ambayo kwa sehemu kubwa ni historia ya watu waliokwenda na hawakurudi.

Mholanzi Willem Barentsz aliviona visiwa hivyo mwaka wa 1596. Muda si mrefu baadaye wakafuata wavuvi wa nyangumi, ambao katika karne ya 17 walijenga kituo cha Smeerenburg, kaskazini-magharibi mwa visiwa, wakawa wakiyeyusha mafuta ya wanyama hao papo hapo ufuoni. Waliwaua nyangumi hao hadi wakakaribia kumalizika. Makaburi ya wavuvi wenyewe yametapakaa kando ya ufuo mpaka sasa.

Lakini kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Msweden S. A. Andrée na wenzake wawili, Nils Strindberg na Knut Frænkel. Mnamo Julai 11, 1897, watatu hao walipaa kwa puto lililojazwa gesi kutoka kisiwa cha Danskøya, wakinuia kupita juu ya Ncha ya Kaskazini. Siku tatu baadaye puto hilo, likiwa limelemewa na unyevu ulioganda juu yake, lilitua kwenye barafu ya baharini.

Wasafiri hao hawakuwa wamejeruhiwa. Walikuwa na chakula, bunduki na mashua. Kilichowaponza ni kwamba walikuwa wamejiandaa kuruka, wala si kutembea. Walivuta vigari vya kuteleza vyenye mizigo mizito mno juu ya barafu iliyovunjikavunjika, na kila walipopiga hatua kuelekea upande mmoja, barafu yenyewe ilielea na kuwarudisha upande mwingine. Mwezi wa Oktoba walifika Kvitøya, kisiwa kidogo kilichojitenga mashariki mwa Svalbard, na huko ndiko walikofia.

Dunia haikujua yaliyowapata kwa muda wa miaka 33. Mnamo Agosti 1930, mabaharia wa meli ya Norwe walikuta mabaki ya kambi yao, pamoja na shajara; filamu za picha nazo zilipatikana baadaye. Filamu hizo ziliposafishwa zilitoa picha zinazoonekana, mojawapo ikiwa ya puto likiwa limelala ubavu juu ya barafu. Chanzo cha vifo vyao kinabishaniwa hadi leo. Wapo wanaotaja minyoo iliyokuwa katika nyama ya dubu waliyokula, na wapo wanaoona kuwa baridi na uchovu vilitosha.

Miongo mitatu baada ya safari hiyo, teknolojia ilikuwa imepiga hatua. Mnamo Mei 11, 1926, Roald Amundsen wa Norwe, Mmarekani Lincoln Ellsworth na Mwitaliano Umberto Nobile waliondoka Ny-Ålesund pamoja na wenzao kwa chombo cha angani kilichoitwa Norge, wakapita juu ya Ncha ya Kaskazini siku iliyofuata na kutua Alaska wakiwa salama. Mlingoti wa chuma ambao chombo hicho kilifungwa ungali umesimama Ny-Ålesund.

Miaka miwili baadaye Nobile alirudi na chombo kingine, kilichopewa jina la Italia. Kilianguka juu ya barafu mnamo Mei 25, 1928. Kati ya watu 16 waliokuwemo, ni wanane tu waliookolewa. Amundsen, ambaye wakati huo alikuwa amekosana vibaya na Nobile, aliondoka Tromsø kwa ndege mnamo Juni 18 kwenda kusaidia kumtafuta. Ndege hiyo haikuonekana tena. Nobile aliokolewa, mtu aliyekwenda kumsaka ndiye aliyepotea.

Kisa hicho cha mwisho ndicho kiini cha kanuni za leo. Anayepotea Aktiki hahatarishi maisha yake peke yake. Huhatarisha pia ya wale watakaotumwa kumtafuta.

Hii ndiyo sababu msafiri wa kujitegemea anayetaka kwenda nje ya eneo la kati linalozunguka Longyearbyen na makazi mengine hutakiwa kuifahamisha ofisi ya gavana mapema kuhusu njia atakayopita. Aidha, sharti awe na bima au dhamana ya benki ya kugharimia msako na uokoaji. Ofisi hiyo ina mamlaka ya kuizuia safari ikiona kwamba haikuandaliwa ipasavyo. Wanaosafiri kwa mashirika ya utalii hufanyiwa shughuli hizo zote na kampuni husika, na pengine ndiyo sababu wengi wao hawafahamu kwamba kanuni hizo zipo.

Longyearbyen ina hospitali moja, nayo ni ndogo. Wagonjwa mahututi husafirishwa kwa ndege hadi Tromsø, mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Hata wajawazito huondoka takriban wiki tatu kabla ya siku yao ya kujifungua.

Kuna uvumi ulioenea kote duniani kwamba ni haramu mtu kufa Svalbard. Si kweli. Kisichofanyika ni kuzika maiti ndani ya jeneza, kwani ardhi iliyoganda haiozeshi mwili. Katika kaburi la mji huo wamo vijana saba waliofariki kwa homa kali ya mwaka wa 1918, na mwaka wa 1998 wanasayansi waliwafukua kwa matumaini ya kupata mabaki ya virusi vya ugonjwa huo.

Kuhusu dubu, takwimu zinafaa kutazamwa kwa utulivu. Wanaoishi Svalbard mwaka mzima wanakadiriwa kuwa karibu 300, mbali na wengine wengi wanaozurura kwenye barafu ya bahari ya Barents. Tangu 1971, watu sita wameuawa na dubu visiwani humo. Idadi hiyo ni ndogo, lakini namna vifo hivyo vilivyotokea ina mafunzo.

Mnamo Agosti 2011, dubu alivamia kambi ya vijana Waingereza karibu na barafu ya Von Postbreen. Kijana wa miaka 17 aliuawa na wengine wanne wakajeruhiwa kabla ya dubu huyo kupigwa risasi. Kambi hiyo ilikuwa imezungushiwa waya wa tahadhari, ule ambao ukiguswa hulipua fataki, lakini haukulipuka. Bunduki nayo ilikataa kufyatuka ilipojaribiwa mara za kwanza. Vifaa vilikuwepo, havikufanya kazi wakati vilipohitajika.

Mnamo Agosti 28, 2020, mwanamume Mholanzi aliuawa akiwa hemani katika uwanja wa kupigia kambi ulio karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Longyearbyen, mahali ambapo wengi wangedhani ni salama kwa kuwa ni kama mjini. Dubu aliyemshambulia alipigwa risasi, na baadaye akakutwa amekufa kwenye maegesho ya magari ya uwanja huo wa ndege.

Kwa sababu hizo, waongozaji hodari hawategemei waya peke yake. Usiku wote, na katika majira ya kiangazi "usiku" ni neno tu, mmoja wao hukesha nje ya mahema akizungusha macho kwenye upeo, huku wengine wakilala kwa zamu. Chakula hakiwekwi ndani ya hema la kulalia. Wanapopita karibu na mawe makubwa au kwenye ufuo wenye vilima vya barafu, huzunguka kwa mbali ili wasimshtue mnyama aliyejilaza nyuma yake.

Kumpiga dubu risasi ni hatua ya mwisho kabisa. Mnyama huyo amehifadhiwa kisheria nchini Norwe tangu mwaka wa 1973, na kila anapouawa uchunguzi hufanywa kama ule wa jinai. Kumfuata, kumvutia kwa chakula au kumsumbua ni kosa, hata kama nia ni kupata picha tu.

Hata hivyo, mkazi wa Longyearbyen akiulizwa ni nini anachokihofia zaidi, huenda asimtaje dubu. Desemba 19, 2015, maporomoko ya theluji kutoka mlima wa Sukkertoppen yaliangukia nyumba 11 mjini humo, yakawaua watu wawili, mmoja wao akiwa mtoto. Walikuwa nyumbani kwao, Jumamosi asubuhi, siku chache kabla ya Krismasi. Mnamo Februari 2020 watalii wawili Wajerumani waliokuwa katika msafara wa pikipiki za theluji nao walifunikwa na maporomoko wakafa.

Hatari nyingine hazina kelele. Kwenye mito ya barafu kuna nyufa zenye kina kirefu, ambazo theluji mpya huziba kwa juu kama mkeka uliotandikwa juu ya shimo. Ndiyo maana wapandaji hufungana kwa kamba. Upepo ukivuma na theluji kuruka, mbingu na ardhi hushikana rangi moja, na msafiri hushindwa kujua kama anapanda au anateremka. Jasho nalo ni adui asiyedhaniwa. Anayefanya kazi kwa bidii akalowa, kisha akasimama kupumzika, hupoteza joto la mwili kwa kasi. Nguo za pamba, ambazo hukaa na maji, huachwa nyumbani na badala yake huvaliwa sufu.

Majira ndiyo huamua aina ya safari. Longyearbyen hulikosa jua kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari, na kwa sehemu ya kipindi hicho giza ni totoro hata saa sita mchana. Huo ni wakati wa mianga ya rangi angani, kijani hasa, inayowavutia wapiga picha. Machi hadi mapema Mei ni msimu wa mbwa, skii na pikipiki za theluji: kuna baridi kali, lakini kuna mwanga. Kuanzia takriban Aprili 20 hadi Agosti 23 jua halitui hata kidogo, na kuanzia Juni meli huanza kuzunguka visiwa hivyo zikiwa na wageni wanaotaka kuona sili wenye pembe, ndege wa baharini kwa maelfu, na dubu wakiwa mbali.

Umbali huo sasa umewekewa kipimo. Tangu Januari 1, 2025, hakuna anayeruhusiwa kumkaribia dubu chini ya mita 300, na kati ya Machi 1 na Juni 30 kiwango hicho hupanda hadi mita 500. Katika maeneo yaliyohifadhiwa, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya Svalbard, meli haziruhusiwi kubeba abiria zaidi ya 200, na abiria wanaweza kushukia sehemu 43 pekee zilizoteuliwa. Kanuni hizo zilipingwa na baadhi ya wafanyabiashara wa utalii, waliosema kwamba zinawasongamanisha wageni katika sehemu chache na kuwanyima wanamashua wadogo nafasi ya kutafuta hifadhi penye utulivu. Hoja yao si ya kupuuzwa.

Kuna kanuni nyingine ambayo huwashangaza wageni. Kila alama ya binadamu ya kabla ya mwaka wa 1946 imelindwa kama turathi, hata ikiwa ni msumari wenye kutu au ubao uliooza. Anayeokota kipande cha chuma ufuoni akidhani anasafisha mazingira anaweza kujikuta mbele ya polisi.

Wageni wengi huomba pia kuona hifadhi ya mbegu ya dunia, iliyochimbwa ndani ya mlima karibu na uwanja wa ndege. Hawaingii, huishia mlangoni. Hifadhi hiyo ilifunguliwa Februari 26, 2008, na kasha la kwanza la mbegu, zikiwa za mpunga, liliingizwa na Waziri Mkuu wa Norwe wakati huo, Jens Stoltenberg, akiwa pamoja na Mkenya Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka wa 2004. Ndani, mbegu huhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sufuri.

Eneo hilo lilichaguliwa kwa kuwa ardhi yake ilidhaniwa kwamba haingeyeyuka. Mwaka wa 2016, mvua na joto lisilo la kawaida viliyafanya maji yaingie mwanzoni mwa njia ya kuelekea ndani. Mbegu hazikufikiwa, lakini Norwe ililazimika kuijenga upya njia hiyo.

Tukio hilo halikuwa la kipekee. Julai 25, 2020, uwanja wa ndege wa Longyearbyen ulirekodi nyuzi 21.7 za Selsiasi, kiwango ambacho hakijawahi kuonekana huko. Katika kiangazi cha 2024 pekee, Svalbard ilipoteza karibu asilimia 1 ya barafu yake yote. Bahari katika hori la Isfjorden, ambayo wakazi wakongwe wanakumbuka wakiivuka kwa pikipiki za theluji, imekuwa ikiganda kwa nadra tangu 2006. Njia zilizochorwa kwenye ramani za zamani haziaminiki tena, na mwongozaji hulazimika kupima unene wa barafu ambayo mtangulizi wake aliivuka bila kusita.

Mji wenyewe umebadilika. Uliasisiwa mwaka wa 1906 na Mmarekani John Munro Longyear kwa ajili ya makaa ya mawe, na jina lake analo hadi leo. Kituo chake cha umeme kiliacha kutumia makaa hayo mwaka wa 2023, na mgodi wa mwisho wa Norwe, wenye nambari saba, ulifungwa mwaka wa 2025. Kazi zilizobaki ni za utafiti, elimu na utalii, kumaanisha kwamba wengi wanategemea wageni wanaofika kwa ndege na meli zinazochoma mafuta, ili waone barafu ingalipo.

Desturi moja ya enzi za wachimbaji haijafa. Katika hoteli na ofisi kadhaa mgeni huvua viatu mlangoni, kama walivyofanya wachimbaji ili wasiingize vumbi jeusi.

Nyingine ni ya Machi 8. Jua huwa limekwisha kupanda juu ya upeo tangu Februari, ila milima huuzuia mwanga wake usiufikie mji. Siku hiyo, mbingu ikiwa safi, wakazi na watoto wao hukusanyika kwenye ngazi za hospitali ya zamani, nyuso zikielekea kusini, na kusubiri miale ya kwanza iwaguse.